Masharti ya Kuingia kwa Wasuto

Benchi langu liko mbele ya stendi ya mabasi ya Mbeya. Ukivuka barabara umefika Boma, kwenye ofisi za serikali. Mimi Ezekia nauza kahawa, wateja wangu wanauza maneno, na maneno yanatoka haraka kuliko kahawa. Julai ile ya mwaka 1954 baridi ya mlima Loleza ilikuwa inakata masikio. Katikati ya benchi alikaa Mzee Anyitike, Mnyakyusa wa Tukuyu, na fomu ya ruhusa ya safari mkononi. Mwanawe Isakwisa alikwenda migodini Johanesbagi miaka tisa iliyopita, kisha akaoa kwenye milima ya Wasuto, na sasa ameandika: baba, nimepata mtoto wa kiume, nimempa jina lako, njoo umwone. Fomu ilitakiwa Boma kabla ya saa sita, maana bwana mkubwa wa wilaya alikuwa anaondoka ziara ya mwezi mzima. Mika Joni, aliyekaa kando yake na ambaye angefuatana naye, alikuwa anarudi migodini Jumatatu.

Aliyekuwa anasoma masharti ni Philbert. Alifagia Boma miaka miwili, tangu hapo tunamwita Karani.

Karani: Sharti la kwanza, cheti cha chanjo ya ndui.

Mzee Anyitike: Kovu hili hapa.

Karani: Kovu halina muhuri, mzee. La pili, picha mbili, bila kofia.

Mzee Anyitike: Bila kofia! Watanijuaje sasa?

Joni: Hayo ni ya Boma tu. Masharti yenyewe yako mpakani. Mimi nimechimba na Msuto mmoja, kanieleza yote. Nchi yao iko ndani ya nchi nyingine.

Aliyeguna ni Koplo Bartholomeo, Mhehe wa Ipogolo, aliyepigana Burma na hajamaliza kutueleza.

Koplo: Ndani kivipi?

Joni: Kama kiini cha yai. Pande zote Makaburu.

Koplo: Basi anataka ruhusa mbili. Moja ya ganda, moja ya kiini.

Karani: Na ute je? Nao una ofisi yake.

Mzee Anyitike: Ezekia, niongeze kahawa.

Nikamwongeza. Nilimhurumia, maana alikuwa anaamini kila neno.

Joni: Halafu kule kila mtu anapanda farasi. Hata chooni anakwenda na farasi. Na mgeni asiye na blanketi begani haingii.

Koplo: La blanketi ni jambo dogo. Anayekagua wageni ni farasi wa polisi. Anakunusa kuanzia miguuni. Akipiga chafya, umerudishwa.

Joni: Kweli kabisa! Ndiyo maana wenye akili wanajipaka samadi.

Mzee Anyitike: Ya ng'ombe inafaa?

Karani: Itabidi tuiandike kwenye fomu, pale penye mizigo.

Na angeandika, mjinga yule, kama mzee asingeshtuka. Upande wa sokoni alikuwa anakuja mke wa mwanawe mdogo na tenga la ndizi kichwani. Kwao Unyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Mzee akashusha kofia mpaka kidevuni. Binti naye akaona kofia ile, akaruka mtaro na ndizi zake, akajibanza nyuma ya basi mpaka akapata njia nyingine. Hakuna aliyecheka. Hiyo ni heshima yao, tumeizoea.

Mzee Anyitike (akiinua kofia): Amepita?

Koplo: Amepita. Sasa, mvua ya kule. Nyeupe, na haina sauti. Unalala vizuri, asubuhi mlango haufunguki.

Mzee Anyitike: Hilo kweli. Hata Isakwisa ameandika.

Wakati huo akafika mke wake, Tusekile, mama mfupi mwenye hatua za haraka. Alikuja kuuliza mbona saa tano imepita. Akasalimia benchi zima, akachukua barua kwenye magoti ya mumewe, akaipitisha macho tena. Alisoma darasa la wabatizwa, Mzee hakusoma.

Tusekile: Baba Isakwisa, nyumba yao ina chumba kimoja.

Mzee Anyitike: Ndiyo. Cha mawe.

Tusekile: Na mlango mmoja. Na nje ile mvua nyeupe.

Mzee Anyitike: Ndiyo.

Tusekile: Sasa ukifika, mkamwana wako alale wapi?

Karani akageuza fomu, akatazama nyuma yake, hapakuwa na kitu.

Joni: Atazunguka nyuma ya migomba...

Tusekile: Migomba gani kwenye barafu?

Koplo: Mzee ashushe kofia.

Tusekile: Siku thelathini?

Wanaume wanne tuliomwingiza mtu kwenye ganda, ute na kiini, tukashindwa kumwingiza mlangoni kwa mwanawe. Mzee Anyitike alitazama chini. Niliona uchungu kweli, nikaacha kumimina.

Kisha akamsukumia Karani fomu.

Mzee Anyitike: Futa jina langu. Andika Tusekile. Mama mkwe hakatazwi.

Tusekile: Mimi? Na farasi?

Mzee Anyitike: Mika Joni atakuwa nawe. Farasi akikunusa, usicheke.

Karani akaandika, ulimi nje. Tusekile akaanza kufungua kitambaa cha kichwa, aende kwa mpiga picha. Mzee akavua blanketi lake begani, akamfunika. Wakavuka barabara. Katikati mzee akasimama, akampigia kelele mkewe aliyekwishatangulia, mpaka stendi nzima ikageuka:

— Mama Isakwisa! Ukifika huko, mjukuu naye apigwe picha, uniletee! Peke yake, mama yake asiwemo! Na bila kofia!