Leba ya Mkonge na Leba ya Hospitali

Kwenye bajaji tuliyopanda kwenda hospitali, mama mmoja alikuwa amepakata chupa ya uji akiongea na simu: binti yake yuko leba tangu alfajiri. Mzee wa kando yake alisubiri amalize.

"Mwanangu, kwenye mkonge leba ilikuwa ofisi ya kuandikisha vibarua. Mzungu alituambia maana yake ni kazi ngumu. Nyinyi neno hilo mmelitoa wapi?"

"Kwa manesi, baba."

"Basi wamelichukua kwetu."

Mama alifikiri. "Wanawake tulianza kuzaa lini, na mkonge ulipandwa lini?"

Dereva alipunguza mwendo; nadhani naye alitaka jibu. Tulipofika getini mzee aliteremka kwanza, akampisha.

"Kwenye mkonge aliyechoka alimalizia kesho yake," alisema. "Leba yenu haingoji; wewe wahi."