Mwalimu Rudia na Watoto Arobaini na Mmoja

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu nausoma mimi, mtoto wa kaka yake, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo kwa mwandiko wake. Wapo waliotaka usomwe na mwanawe wa kwanza, daktari wa meno, ambaye kazi yake ni kufumbua vinywa vya watu. Mimi ni fundi cherehani. Nimeuandika mwenyewe, na palipokosewa mnilaumu mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye stesheni ya treni, na mama yake alikuwa mkunga. Macho ya baba yalianza kufifia mapema, kwa hiyo kila jioni binti huyu alimsomea gazeti. Alisoma mbio, bila kukwama, mpaka baba akamkatiza: "Hebu ngoja. Hapo nani kamshtaki nani?" Binti akajikuta hajui, ingawa maneno yote alikuwa ameyatamka sawasawa. Kisa hiki alikisimulia hadi uzeeni, na alisema aibu ya jioni ile ndiyo iliyompa kazi.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Masomo ya sekondari aliyapata katika shule ya bweni ya wasichana kuanzia 1965 hadi 1970, na mwaka 1974 akahitimu shahada ya lugha. Alifundisha darasa la nne kwa miaka sita. Huko aliwakuta watoto waliosoma kwa sauti kama watangazaji wa redio, lakini ukiwauliza wamesoma nini, wanakutazama tu. Akarudi chuoni kutafuta sababu, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu katika sintaksia, yaani namna maneno yanavyoshikana ndani ya sentensi. Baba alipoulizwa binti yake amesomea nini, alijibu kwamba amesomea nani kamshtaki nani.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na mpiga chapa aliyekuwa akimchapia kadi za sentensi za darasani. Siku moja mpiga chapa huyo alimtumia ujumbe: "Mwambieni mwalimu sentensi ya tisa imenishinda. Nimeisoma mara nne, bado sijajua aliyeanguka ni mbwa au mwenye mbwa." Marehemu akaenda kubishana naye, wakabishana mpaka duka likafungwa. Walijaliwa watoto watatu. Mzee yupo hapa mbele yetu, na ratiba mliyoishika mkononi ameichapa yeye.

Kazi iliyompa jina aliifanya mwaka 1988. Alipima watoto mia mbili na kumi na wawili wa shule tatu. Mtoto alisikilizishwa sentensi, kisha akaambiwa, "Rudia nilivyosema." Ndiyo maana mitaani akaitwa Mwalimu Rudia. Aliyerudisha sentensi kama alivyoipokea alipewa alama, aliyebadilisha alikosa. Mwishoni watoto arobaini na mmoja walionekana kuwa na upungufu wa sintaksia, wakahamishiwa chumba cha pembeni karibu na stoo, ambako walifundishwa neno moja moja kwenye kadi. Hawakupewa hadithi, kwa kuwa ilidhaniwa hadithi zitawachanganya. Wenzetu walituita wazito.

Nasema walituita kwa sababu nilikuwemo, nikiwa na miaka minane. Baba yangu, kaka yake marehemu, hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Kama shangazi yako kasema, basi ndivyo." Nami nikaamini. Niliacha kunyoosha mkono darasani, na nilipofika miaka kumi na mitatu nikaacha shule kabisa. Cherehani naipenda, siidharau, lakini sikuichagua.

Aprili 2003 marehemu alikuwa akipanga upya kabati la ofisini, akaweka kwenye redio kaseti moja ya kanda alizorekodi mwaka 1988 akiwapima watoto. Sentensi ilikuwa: mtoto aliyesukumwa na dada yake alimwaga maziwa. Msichana mmoja alijibu, "Dada alimsukuma mtoto, maziwa yakamwagika." Marehemu mwenyewe alisikika akisema, "Hapana." Mtoto aliyefuata aliirudia yote bila kukosea. Kisha kila mmoja aliulizwa, kwa mazungumzo tu, bila alama: nani alisukuma? Yule aliyerudia vizuri akasema, "Mtoto." Yule msichana akasema, "Dada." Msichana huyo nilikuwa mimi.

Alisikiliza kanda zote kwa majuma mawili. Karibu wote wale arobaini na mmoja walikuwa wameielewa sentensi, wakaifumua na kuishona upya kwa maneno yao. Hivyo ndivyo afanyavyo msomaji anayeelewa, na yeye aliwahesabia kosa. Mwenzake ofisini alimshauri, "Achana nazo. Kanda za miaka kumi na tano, nani atazisikiliza?" Akajibu, "Nimeshazisikiliza mimi." Aliliandikia jarida lililochapisha matokeo yale liiondoe makala yake, akasimama mbele ya mkutano wa walimu na kusema, "Nilikosea, na watoto wa watu wakaumia." Vitabu alivyoandika baada ya hapo vinamwambia mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe, na shule nyingi zinavitumia.

Kisha akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba, kuwaomba radhi mmoja mmoja. Ilimchukua miaka saba. Fundi mwashi mmoja alimwambia, "Mwalimu, mimi nilishasahau." Akamjibu, "Mimi ndiyo kwanza nimekumbuka, mwanangu." Mama wa mmoja wetu alimgombeza mlangoni nusu saa nzima, naye akasimama akapokea yote, mumewe kando yake akimshikia mwavuli.

Kwangu ndiko alikoanzia. Alinikuta nashona mapazia. Hakuzunguka, alieleza yote tangu mwanzo, kisha akauliza, "Utanisamehe?" Sikuinua macho. Nilisema, "Nitakwambia."

Tangu siku hiyo tulisalimiana vizuri, tulikaa pamoja kwenye harusi, aliniletea nguo za wajukuu nishone, na hakuniuliza tena. Nilijua anangoja. Nilijitia hamnazo.

Mwaka 2011 alistaafu. Februari 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa kwa miaka miwili na nusu, akiendelea kusahihisha kitandani kazi alizoletewa na wanafunzi wake wa zamani na kuwasumbua wauguzi kwa maswali. Nilikwenda kumwona Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023. Aliniomba nimsomee gazeti. Nilisoma ukurasa mzima, polepole, naye akasikiliza huku amefumba macho. Nilipomaliza akayafumbua, akanitazama kwa muda mrefu. Sauti ilikuwa imemwisha, lakini nilijua anachongoja. Nikakunja gazeti, nikamfunika miguu, nikamwambia nitarudi Jumapili. Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Baada ya kifo chake mumewe alinikabidhi daftari ambamo marehemu aliandika ziara zake za kuomba radhi. Majina ni arobaini na moja. Mbele ya arobaini ameandika tarehe aliyojibiwa, wakiwemo waliomkatalia. Mbele ya langu hakuandika kitu. Nimelia juu ya ukurasa ule, na sioni aibu kuwaambia.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na mdogo wake wa kike. Ameacha pia wanafunzi wengi, na wale watoto arobaini na mmoja, ambao leo ni watu wazima na baadhi yao nawaona wamesimama huko nyuma.

Wasifu ungepaswa kuishia hapo. Lakini aliyeniagiza kuuandika alikuwa bado anangoja jibu, na nadhani ndiyo sababu aliniagiza mimi.

Shangazi, nilikusamehe zamani, kabla hujamaliza hata nusu ya zile nyumba. Nilikuwa nakusubirisha tu. Nilitaka ungoje kidogo, kama mimi nilivyongoja miaka kumi na tano kuambiwa kwamba si mzito, na sikujua siku zako zilikuwa zimebaki chache hivyo. Sasa mimi ndiye ninayeomba radhi, na wa kunijibu hayupo.

Pumzika kwa amani, shangazi yangu.