Historia ya Kaka Yetu Muuza Nyama, na Damu ya Mjukuu Wake

Wapendwa waombolezaji, mimi mdogo wake marehemu nasimama kwa niaba ya familia, mbele ya Mungu na mbele yenu, niwasomee maisha yake, na nitakapoteleza mnivumilie, maana darasani sikukaa sana.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, akaacha baba alipofariki, akaingia buchani kufagia mifupa na kukwangua gogo la kukatia nyama, hadi mwaka 1981 alipofungua bucha yake na kunichukua nimsaidie kaunta. Tarehe 14 Agosti 1982 alimuoa shemeji yetu, aliyekuwa mteja wa maini asiyekubali kupimiwa na mtu mwingine, wakajaliwa binti mmoja, na binti akawapa mjukuu, ambaye babu yake alimwita Bibi Mdogo kwa jinsi mtoto alivyomfokea babu akiingia ndani na buti za bucha.

Mwezi wa nne mwaka 2019, Bibi Mdogo akiwa na miaka sita, sikio lililokuwa likitoa usaha lilimletea homa, kichwa kikamuuma mpaka akatapika, jicho likaenda upande, kisha akanyamaza kabisa, asimwitikie hata mama yake. Tukamkimbiza hospitali, picha ya kichwa ikaonyesha damu imeganda donge ndani ya mshipa unaotoa damu kwenye ubongo, na pembeni damu nyingine kidogo imeshavuja, na daktari wa watoto, dada mmoja mwembamba, akasema pamoja na dawa ya sikio atamchoma dawa ya kuzuia damu isigande.

Binti yetu alimwachia baba yake aseme, naye akagoma, akasema, "Mwanangu, damu naijua, ikishavuja unaiacha igande, huiongezei wepesi," na mimi kwa kiherehere changu nikamuunga mkono, nikataka mtoto arudishwe nyumbani tukamwombee, Mungu anisamehe, kana kwamba hospitalini Mungu hasikii. Daktari hakukasirika, akatueleza kwamba damu imevuja kwa kuwa njia yake ya kutokea imeziba, na donge likiachwa likue itavuja zaidi. Kaka akamwambia, "Basi niapie kwa Mungu kwamba hatavuja tena," naye akajibu, "Siwezi kukuapia, mzee, hatari ipo, ila kumwacha hivi ni hatari zaidi, na nitakuwa hapa hapa kumwangalia." Kaka akanigeukia, "Umesikia? Wanaoapa nyama ni ya leo ndio wanaouza ya juzi," nami nikainamisha kichwa, maana nilishaapa hivyo mbele ya wateja wake, kisha akamwambia daktari, "Mchome, mama."

Mtoto hakuamka mara moja, tulikaa kwenye mabenchi ya wodi tukiomba tu tuisikie sauti yake, hata ya kulia, mpaka asubuhi moja akadai maji kwa kufoka, na kaka akatoka nje akajifuta uso kwa kofia. Nyumbani sindano ziliendelea miezi mitatu, asubuhi na jioni, chini ya ngozi ya tumbo, na aliyefundishwa na nesi kuzichoma ni kaka, mtu aliyechinja ng'ombe maisha yake yote, akigeuza uso mbele ya kisindano, huku mjukuu akimwambia, "Babu, fumba macho basi!" Kila pembe ya meza aliifunga kipande cha godoro kuukuu, mtoto asije akajigonga akavuja damu. Jicho halikurudi sawasawa, anavaa miwani, lakini yuko shuleni.

Kaka alianza kuugua figo mwaka 2022, akatibiwa kwa upendo, na tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, Mwenyezi Mungu akamchukua akiwa kitandani kwake.

Tunawashukuru madaktari na manesi, wauza nyama wenzake waliofunga maduka leo, na majirani mliowakataza watoto wenu kumsukuma Bibi Mdogo michezoni. Yupo pale mbele, kando ya bibi yake, na tangu jana analia kwa sauti kubwa, ninawaomba mtu yeyote asimwambie anyamaze.

Kaka, pumzika, Mungu akulaze katika amani yake.