Mama Chupa na Lebo Moja Iliyobaki Wazi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Hiyo sauti mliyoisikia, ko, ni chupa niliyoiweka mezani. Ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya zile zinazouzwa na jamu ndani. Jamu iliisha zamani. Sasa ndani kuna nyoka. Amekufa, amekaa miaka kumi na sita kwenye spiriti, na mfuniko umekazwa. Hata hivyo mtangazaji wenu amekaa upande, mguu mmoja umeelekea mlangoni. Fundi mitambo wetu, anayejisifu kila siku kwamba haogopi kitu, leo anafanya kazi kasimama.

Mbele yangu kuna mgeni. Nitamtambulisha, vuteni subira. Kwanza tumkumbuke mwenye chupa.

Tunamkumbuka Mama Chupa. Asiyemjua akisikia jina hilo hudhani ni mpenzi wa kinywaji. Hasha. Mama Chupa alikuwa mhudumu wa usafi katika hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Narudia, mhudumu wa usafi. Si daktari, si muuguzi. Aliaga dunia wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na mmoja, kwa maradhi ya moyo. Hakuumwa na nyoka, maana wengi mmepiga simu kuuliza hilo.

Ilianza siku yake ya tatu kazini. Aliletwa mwanamke aliyeumwa mguuni jikoni kwake. Ndugu zake walimponda nyoka, wakamtia kwenye sufuria na kuiacha juu ya meza ya mapokezi, mfuniko umekaa upande. Wauguzi wakarudi nyuma hadi ukutani. Ndipo mtu akasema maneno yaliyobadilisha maisha ya Mama Chupa: "Mwiteni wa usafi."

Akaja na ndoo. Kabla ya kumtupa, akauliza huyu ni nyoka gani. Hakuna aliyejua. Akauliza tena, hakuna aliyejua. Sasa Mama Chupa hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la namna hiyo. Mzee mmoja wa maabara alikuwa na kitabu cha picha za nyoka, kimechakaa, kurasa zinadondoka. Wakakisoma pamoja saa ya chai. Mzee akampa spiriti, yeye akaleta chupa ya jamu kutoka nyumbani. Hiyo ikawa chupa namba moja.

Tangu siku hiyo kila nyoka aliyeachwa hospitalini aliishia kwenye rafu ya stoo ya mifagio. Kifutu, swila, koboko, na wale wasio na madhara pia. Wakubwa alihifadhi vichwa tu, na alivishika kwa koleo, kwa sababu kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma. Kila chupa ilikuwa na lebo ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza, jina la nyoka. Wa pili, tarehe. Wa tatu, mgonjwa aliishiaje. Hapo aliandika neno moja kati ya mawili: "Amepona" au "Hatunaye".

Na hakuandika kwa kusikia. Lazima amwone mgonjwa kwa macho yake. Mgonjwa akiruhusiwa bila yeye kumwona, Mama Chupa alimfuata nyumbani siku yake ya mapumziko. Watu walifungua mlango wakamkuta kasimama, kalamu mkononi. Anamtazama mgonjwa juu hadi chini, anamwambia atembee hatua chache, anaandika, anaaga. Chai hakutaka.

Mume wake aliniambia juzi: "Mke wangu hakuleta nyoka nyumbani hata siku moja hadi alipostaafu. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kufungua chupa ya chumvi bila kuitikisa kwanza." Binti yao alipoolewa, wauguzi walikuja ukumbini na zawadi ya mama wa bibi harusi. Ilikuwa katoni ya chupa tupu, imefungwa utepe mwekundu. Mama akajitwika kichwani akacheza nayo ukumbi mzima. Binti anasema picha za harusi yake zote zina chupa.

Sasa tuje kwenye chupa hii iliyo mezani. Namba sitini na mbili.

Miaka kumi na sita iliyopita fundi umeme mmoja alipanda mti kukata matawi yaliyogusa nyaya. Akaumwa kidoleni. Wenzake wakampiga nyoka, wakamtia kwenye kopo la rangi, wakamleta fundi hospitalini pamoja na mkewe. Fundi alikuwa mzima. Anacheka, anatania wauguzi. Daktari kijana akachungulia kopo, akaona nyoka wa kijani. Akasema hao wa kijani wa mtini hawana neno, nenda nyumbani ukapumzike. Wakaenda.

Mama Chupa akafika na ndoo kuchukua kopo. Akachungulia. Kichwa kifupi, macho makubwa mno. Alimfahamu. Alikuwa naye rafuni, chupa namba kumi na tisa. Mgonjwa wa namba kumi na tisa naye alikwenda nyumbani anacheka. Mstari wake wa tatu uliandikwa "Hatunaye". Sumu ya nyoka huyo haina haraka. Inakaa saa nyingi bila dalili, huku inaharibu damu isiweze kuganda.

Wasikilizaji, mama huyu alikimbia. Alivua ndala ili akimbie vizuri. Akalipata gari lao langoni, akasimama mbele yake, mkono mmoja kopo, mkono mwingine fagio. Mke wa fundi alidhani ni mwendawazimu. Mama Chupa akamwambia fundi: "Shuka, baba. Wewe si mzima, hujajua tu."

Wakamrudisha. Daktari akachukua damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa, wakasubiri. Dakika ishirini zikapita, damu bado maji. Dawa ya nyoka huyo ni ya peke yake, na ilikuwapo hospitali kubwa tu, safari ya nusu siku. Gari la wagonjwa likaondoka saa hiyo hiyo.

Daktari yule kijana leo ni daktari mkuu. Hakunificha kitu. "Mimi nilikuwa na shahada ukutani," alisema. "Yeye alikuwa na chupa namba kumi na tisa."

Je, fundi alipona? Hapo ndipo habari ilipokatika. Hospitali kubwa walisema amehamishiwa kwingine, kisha hawakujua zaidi. Mama Chupa alichukua likizo akaenda hadi alipokuwa amepanga fundi. Akakuta wapangaji wapya. Akaacha mstari wa tatu wazi. Chupa mia moja na kumi na nne, lebo mia moja na kumi na tatu zimejaa, moja wazi. Alipostaafu alihama nayo hiyo moja. Binti yake alikuwa akimwambia, mama, si uandike tu amepona? Naye alijibu: "Sijamwona."

Wiki iliyopita nilitangaza msiba huu hapa, nikataja kisa cha langoni. Asubuhi iliyofuata mtu akapiga simu. Ndiye mgeni wangu. Ana mvi sasa, kidole kimoja hakikunji vizuri, lakini nguzo za umeme bado anapanda. Anasema alipotoka hospitali alihamia kwa kaka yake kuuguzwa, kazi ikamshika huko huko. Kila mwaka alipanga kurudi kushukuru. Kila mwaka akasema mwakani. Aliposema hivyo alilia, na mimi nikalia naye, sioni haya kukiri.

Kwa mume, binti na wajukuu: poleni sana. Mungu awape nguvu. Mama yenu tumemcheka leo kwa sababu tulimpenda.

Na wewe unayenisikiliza. Ukiumwa na nyoka, usimfukuze, usichanje, usifunge kamba, wahi hospitali. Na kama kuna mtu aliyewahi kukukimbilia, pengine hajui hadi leo uliishiaje. Usingoje mwakani. Nenda akuone.

Binti wa Mama Chupa ameniruhusu kufanya jambo moja. Namsogezea mgeni chupa, nampa kalamu. Tunyamaze kidogo, msikie kalamu kwenye karatasi.

Ameandika. Mstari wa tatu umejaa. Nasoma kama ulivyo: "Nimepona, mama."