Mwandishi wa Midundo Asiyesikia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa la Nyasho! Leo sinyamazi! Naitwa Nyangeta, na wengi mnanifahamu kwa makala zangu za singeli, disko na midundo yote inayotengenezwa kwenye kompyuta. Pakiwa na muziki Bunda, nipo. Kule Murangi wakifunga spika, nipo. Nikiandika kwamba wimbo ni mkali, vijana wanautafuta. Nikisema haufai, unakufa.

Lakini ndugu zangu, nilikuwa kiziwi!

Miaka mingi nilikuwaga nasimama mbele ya spika kubwa, kifua kinatetemeka, nafurahi kweli. Sikio la kushoto likaanza kulia filimbi. Halafu likazima. La kulia nalo likawa zito, nasikia ngoma tu, sauti nyembamba zote zimepotea. Nikaogopa! Mwandishi wa muziki asiyesikia ataandika nini? Basi nikaficha. Nilikuwaga naangalia miguu ya wachezaji, nasoma walichoandika wenzangu, kisha najaza ukurasa. Aibu, ndugu zangu!

Ndipo Mafuru, mtengenezaji wa muziki wa pale Bunda, akaniletea wimbo wake mpya. Nikaandika: "Wimbo mtupu. Ngoma juu ya ngoma, hakuna mtu ndani." Maneno hayo yalinipendeza! Waandaaji wa tamasha moja la Musoma wakayasoma, wakamwondoa Mafuru kwenye ratiba. Yeye akafunga kompyuta yake kwenye kitenge cha mke wake, akasema hatengenezi tena.

Jumapili moja natoka ibada, namkuta mama mtu mzima amekaa kwenye ngazi za nyumba yangu. Katoka Butiama, viatu vimejaa vumbi. Nikamwamkia. Akanivuta karibu, akanisemea usoni, ndiyo maana nilimwelewa.

"Mwanangu, mimi ni mama yake Mafuru. Sauti yangu imekukosea nini?"

"Sauti gani, mama?"

"Si mimi ninayeimba kwenye ule wimbo? Mwanzo mpaka mwisho, mimi na nyuzi za litungu, kile kinanda cha asili alichoniachia marehemu mzee wangu."

Ndugu zangu! Mtu kaimba wimbo mzima, na mimi nimeandika hakuna mtu ndani! Uongo mwingine ulikuwa umeshafika mdomoni, lakini Bwana akaushika ulimi wangu! Nikapiga magoti palepale.

"Mama, sikukusikia. Sisikii. Nina miaka miwili nadanganya watu."

Nilidhani atanilaani. Akaweka viganja vyake kwenye masikio yangu, akaomba kwa Kizanaki, sikuambulia hata neno. Kisha akasema, "Kesho hospitali. Mimi na wewe."

Daktari akasema sikio la kushoto limeharibiwa na kelele, halitarudi. La kulia akalichungulia, akacheka! Nta ilikuwa imekauka kama jiwe. Akanipa dawa ya matone. Siku ya nne tukarudi, mama yuleyule pembeni yangu, daktari akaosha kwa maji ya vuguvugu, na haleluya! Nikasikia kandambili za nesi! Nikasikia bomba linadondosha! Nikatoa simu, nikaweka ule wimbo. Sauti ikaingia, nyembamba, ya juu, nyuzi zinaikimbiza. Niliruka, ndugu zangu! Nilicheza kwenye korido ya hospitali, na mama akacheza na mimi!

Wiki hiyohiyo nikaandika kwa jina langu kamili: sikusikia, nilidanganya, Mafuru nisamehe. Mhariri alinifokea, akaninyang'anya ukurasa. Wasomaji wengine wananicheka mpaka leo. Wiki nyingi zikapita. Halafu ukaja ujumbe mmoja wa Mafuru: "Jumamosi saa nane mchana, uwanjani Bunda. Njoo usikilize." Nikaenda. Mama aliimba mpaka wauza sato wakaacha samaki zao, wakaja kucheza! Sasa naandika kwenye blogu yangu mwenyewe, polepole, na nimewaeleza wasomaji kwamba nina sikio moja tu.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama. Na wewe ndugu yangu unayeficha jambo lako, ukidhani likijulikana umekwisha: mimi nililisema mbele ya mtu niliyemuumiza, na mtu huyohuyo ndiye aliyenishika mkono. Mtumaini Yesu, kaseme leo, kabla hujafika nyumbani!