Kamba ya Mama Libérata Ina Mwenyewe

Kuna jambo nimelificha tangu Mama Libérata Nzabandora aanze kufundisha fizikia katika sekondari yetu ya Kibua: ninajua kamba yake ilitoka wapi. Tarehe 2 Julai anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, na wenzangu wameniomba mimi, prefe wake wa kwanza, yaani mkuu wa shule aliyempokea, niandike maneno ya kumuaga. Mapafu yangu hayatanifikisha kwenye sherehe nyingine. Basi nitasema yote hapa.

Alitoka milima ya Masisi akiwa na sanduku moja na mwavuli. Sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunarudi kutoka msituni, tulikokimbilia vita. Kabati la fizikia lilikuwa tupu: hakuna waya, hakuna batri, hakuna hata ampule, ile taa ya kioo, iliyokufa. Nilidhani atageuka arudi kwao. Alicheka.

"Papa Prefe, munitafutie kamba tu, murefu, bila fundo. Umeme nitaleta mwenyewe."

Asubuhi moja akaikuta kamba juu ya meza yake. Aliuliza ni ya nani. Nikajibu, "Iko ya shule."

Waliosoma kwake wanaikumbuka asubuhi ile ya ukungu. Darasa zima lilisimama uwanjani kwa duara, wavulana kwa wasichana, kamba iliyoungwa ncha ikipita katika viganja vyao. Mama alivuta, na pale pale ikasogea kwa wote, hata kwa yule wa mbali aliyemezwa na ukungu. Ndivyo taa inavyowaka mara moja, alisema, ingawa umeme wenyewe unatembea polepole ndani ya waya. Kisha alimwambia Nicole aibane kidogo.

"Mama, mukono yangu inaungua!"

"Basi weye njo ampule. Waka!"

Walipobana wanne, kamba ilikwenda kwa kujikokota kama mgonjwa. Hapo wakaelewa kwa nini taa zilizofuatana kwenye njia moja hufifia zote, na kwa nini kila taa ipewe njia yake. Leo Nicole anafunga paneli za jua huko Ntoto, na wateja wake hawalalamiki giza.

Bienvenu naye aliwahi kuachilia kabla ncha hazijafungwa sawasawa. Kamba ikalala majanini, duara lote likasimama.

"Mama, nimeachilia kidogo tu!"

"Kidogo yako njo giza ya wote."

Neno hilo bado linasemwa sokoni, mtu akichelewa kazini.

Kuna kisa ambacho Mama hupenda kukisimulia. Baba yangu, mwindaji mzee, alipita kando ya uwanja akasimama kutazama. Mama akamwita, "Papa, kuja mushike na sisi!" Baba aliweka mkuki chini, akaingia kati ya wasichana wawili. Kamba ilipita mikononi mwake mizunguko kadhaa. Alifumba macho. Kisha akasema, "Iko inatembea muzuri. Muendeleye," akaokota mkuki wake na kwenda. Mama hucheka kila anapofika hapo. Mimi nilikuwa dirishani pa ofisi, na sikucheka.

Siku hizi, nikilala mchana, naihisi ikipita viganjani mwangu, ya uvuguvugu, na mtu asiyeonekana akivuta upande wa pili wa ukungu. Sijui kama ni ndoto. Sioni haja ya kuachilia.

Mwaka huu Mama ametangaza kwamba hatoki Kibua na kitu cha watu. "Mwenyewe akuje nimurudishie," alisema, "ao nitaiacha mu kabati, panya waikule." Ndiyo maana siwezi kunyamaza tena. Nilinyamaza kwa sababu, katika ukoo wetu, kamba ya wavu wa kuwindia hupakwa dawa ya majani kabla ya kuingia msituni, na mkono wa mwanamke hauigusi. Ningesema, wazee wangekuja kuitoa mikononi mwa wale wasichana. Mdogo wangu Élie, ukisoma haya, usimfuate Mama njiani kuidai. Mrithi wa wavu ni mimi, na mimi nimetoa.

Mama Libérata, asante kwa mwanga uliotuletea bila waya. Milima ya Masisi ikupokee kwa afya, na wajukuu wasimame duara uwanjani kwako. Nenda na kamba yako.

Ni ya wavu wa baba yangu. Niliichomoa ukingoni mwa wavu huo kwa mikono yangu, nikamwambia wavu umepotea tulipokimbia. Na siku ile alipoishika kati ya wasichana wawili, aliijua. Jioni nilimkuta anang'oa ukutani kigingi alichokuwa akiutundikia.