Mkurugenzi wa Pasi Mbili

Sogeeni karibu wanangu wote watatu, na wewe Fundi zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na mtu. Daktari kasema alichosema, mmesikia wenyewe, kwa hiyo msinikodolee macho mkingoja nilie. Sitalia. Tangu jana nimejipapasa moyoni kutafuta uchungu, nimekuta ganzi tupu, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Ninalo jambo moja tu la kuwausia, nalo ni chuo cha huyu kitindamimba wangu. Mengine nitayataja humohumo.

Mwalimu, kifungua mimba wangu, nianze na wewe, na usiinamishe kichwa, sikugombezi. Wewe ndiye uliyekaa na mdogo wako hapo mezani kujaza maombi ya mkopo, nami niko hapahapa napiga pasi. Mlipofika penye kazi ya mzazi ukaandika kwamba mama ni mkurugenzi wa kampuni ya usafi wa mavazi. Ukamsomea kwa sauti, nikacheka, nikaona lo, mwanangu kanipa cheo! Kumbe kule ofisini hawakucheka. Walimwona mkurugenzi, wakasema huyu anao uwezo, wakampa binti yangu robo ya ada, na posho ya kula hawakumpa kabisa. Ulipokwenda kusahihisha wakakwambia ulete barua ya kuonyesha kampuni imefungwa, na kampuni yenyewe ni chumba hiki, beseni, kamba ya uani na pasi mbili, moja inapiga shoti.

Fundi alipopata habari akakucheka mbele ya watu, nawe ukamwita mchomelea mageti asiye na adabu, na tangu hapo mnapishana mlangoni kama wapangaji. Hilo limenichosha kuliko ugonjwa. Fundi, uliacha shule ili kaka yako amalize, sijalisahau hata siku moja, lakini si yeye aliyekutoa darasani, ni mimi. Ukitaka kununa, ninunie mimi, tena fanya haraka. Kile kiwanja cha marehemu baba yenu ni chako, ujenge karakana. Kisiuzwe kwa ajili ya ada, wala yule bwana wa mikopo ya mtaani asikikanyage, hata aje na tabasamu la namna gani.

Kitinda, kaa chini. Najua ulichomwambia jirani, kwamba chuo basi, utabaki hapa ushike pasi yangu. Sitaki kulisikia tena neno hilo. Tulipokwenda kupanga foleni kule ofisi ya mikopo, yule dada wa dirishani alitueleza njia zote bila kutuharakisha, nami nilizishika, kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa. Ule ufadhili wa shirika unapendeza, ila ukishamaliza unawatumikia kwa miaka popote watakapokupeleka. Usitie saini kabla kaka yako hajausoma wote mpaka yale maandishi madogo ya chini. Kazi za chuoni zipo, za maktaba na za jikoni, zichukue, lakini zisikulie masomo. Mkopo wa serikali usiuogope. Mwalimu anakatwa kwenye mshahara mpaka leo, ananung'unika kila mwisho wa mwezi, na bado anakula na kuvaa.

Sasa lililobaki. Ulipotoka kwenda kuninunulia maji, nilibaki dirishani peke yangu, nikamuuliza yule dada rufaa zinapokelewa kwa sababu zipi. Akasema mzazi akifilisika, au akifariki. Nikamuuliza, akifariki inakuwaje? Akaniangalia, akaziangalia dawa zangu mkononi, akashusha sauti.

"Mama, kama baba hayupo na mama naye ameondoka, mtoto anapewa yote. Ada yote, na posho."

Nikamshukuru. Ukarudi na maji, nikanywa, tukarudi nyumbani, na njia nzima sikujua nifurahi au nihuzunike, na mpaka sasa sijui. Dirisha la rufaa linafungwa mwisho wa mwezi. Daktari anasema mwezi sitaumaliza. Msinitazame hivyo, sikuyapanga mimi.

Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Mkishanizika, msikae kupokea wageni, wataambiwa mmetoka. Mwalimu na Fundi mtakwenda pamoja kuchukua cheti cha kifo, mguu kwa mguu, na pamoja mtampeleka mdogo wenu dirishani. Asisimame pale peke yake na karatasi ile mkononi. Nguo za watu zilizomo kapuni zipigwe pasi zirudishwe, na shati la mwenye duka la dawa lina kifungo kimelegea, kishonwe kwanza. Pasi nzima ni ya Kitinda, aende nayo chuoni. Ile ya shoti itupwe, isije ikaua mtu humu ndani.

Kitinda, ukiipokea hiyo pesa usione vibaya. Usiseme umekula kifo cha mama. Mimi nilikuwa nakufa tu, mwanangu, pesa iwepo isiwepo. Kula, usome. Ukisinzia darasani nitakutokea ndotoni.

Leteni mikono. Fundi, shika ya kaka yako, si yangu. Hivyo. Radhi zangu mnazo wote watatu, sina kinyongo na mtu. Mungu awafungulie popote mtakapobisha hodi. Awape... awape kuvumiliana.

Nimechoka sasa. Nigeuzeni ukutani.

Mwalimu. Upo? Kule dirishani watauliza tena kazi ya mama. Usinipambe, baba. Andika dobi. Kwa herufi kubwa, waone.